Viatu Havirudi Sandukuni

Zena mwanangu,

Assalaam aleikum, ingawa asubuhi hii tumeachana mlangoni bila hata mmoja wetu kumpa mwenzake neno. Wewe umekwenda Makina kwa shangazi yako kumwambia kwamba treni ya kesho iende zake, huendi Uganda, utakwenda mwakani. Mimi nimebaki hapa nikimtukana mbuzi. Mbuzi hana kosa, lakini mama yako unamjua, akikasirika lazima apatikane wa kutukanwa, na wewe ulikuwa umeshafika mbali.

Sasa nimekaa mkekani, mlango wazi nipate mwanga, karatasi nimeiweka juu ya tabaga, hii kawa ya kufunikia chakula niliyoanza kuisuka juzi. Naandika kwa sababu kwa mdomo hatuwezani. Nikisema neno una jibu, ukijibu napaza sauti, na mwisho anayeshinda ni mwenye koo kubwa, yaani mimi, na hakuna lililosikika. Uniwie radhi kwa mwandiko. Mwalimu wangu ni wewe, kwa hiyo nusu ya aibu ni yako. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa Kinubi chetu sijui kinaandikwaje, na hilo pia hukunifundisha.

Sitakuandikia mambo ya kufunga chakula cha safari wala ya kutozungumza ovyo na watu wa garini. Hayo shangazi yako atakueleza mpaka masikio yakuume. Nataka kukuandikia habari ya sanduku, na ya kile ulichokifanya jana.

Jana ulivichukua viatu vyako vipya, vile alivyokushonea mjomba wako Rehani kwa ajili ya shule ya wakunga huko Uganda. Ukavizungushia gazeti, ukafungua sanduku la babu yako, ukavilaza ndani, ukafunika. Ukaniambia kwa upole kabisa, "Mwakani, mama. Mambo yakitulia." Hukujua ulichokuwa unafanya. Mimi nilijua, nikatoka nje.

Sanduku hilo umelikalia tangu hujajua kukaa. Wageni wetu wote wamelikalia. Unajua lilikuwa la babu yako Farajala, askari wa Keya, jeshi la Waingereza, na kwamba jina lake liliandikwa ubavuni kwa rangi nyeupe ambayo sasa imebanduka. Usilolijua ni jinsi lilivyotulea mimi na Rehani. Hatukuwahi kukusimulia. Rehani akiulizwa hugeuza mzaha, na mimi nilikuwa naona haya kwa niaba ya baba yangu.

Nilipokuwa mdogo, sanduku hili lilisimama hapo hapo karibu na mlango, limefungwa kwa kufuli, limepangwa tayari kwa safari ya kurudi kwetu Sudani. Serikali ilikuwa imempa baba ruhusa ya kukaa huku msituni baada ya utumishi wake, ajenge nyumba ya udongo, alime, afuge. Alikubali kwa mdomo. Moyoni alikuwa kama mtu aliyepumzika njiani akingoja jua lipungue makali. Alikataa kupanda kitu chochote kinachochelewa kuzaa. Mahindi, sawa. Maharagwe, sawa. Marehemu mama yangu alipoleta mche wa mlimau, baba aliung'oa taratibu bila kuvunja hata mzizi, akampelekea jirani. Alisema, "Nani atayala? Sisi hatutakuwepo." Jirani alikula malimau miaka mingi mpaka meno yakamwingia ganzi, na sisi tulikuwa tunamwomba.

Neno lake lilikuwa moja: subira huvuta heri. Tukiomba nguo, subira huvuta heri. Paa likivuja, subira huvuta heri, paa la nini nyumba ya kuhama? Mama alikuwa akiweka sufuria chini ya tone na kumtazama tu.

Sisi watoto tulitembea miguu mitupu. Usidhani nalalamika, Kibra nzima ya watoto ilikuwa miguu mitupu. Funza walitupenda sana. Jioni mama alituketisha mlangoni akatutoa funza kwa pini, huku akitutolea hadithi ili tusipige mayowe. Siku zenye neema tulikula ugali wa mtama na bamia. Siku nyingine ilikuwa kisra, ule mkate wetu wa mtama, nyembamba kiasi kwamba ukiinua unauona mkono wako upande wa pili. Njaa ikituuma tulikaa mbele ya sanduku tukilitazama. Rehani alisema ndani mna tende. Mimi nilisema mna asali, kwa sababu siku moja nilimwona chungu akipanda ubavuni mwake. Tulinusa tundu la kufuli mpaka pua zikawa nyeusi. Sijui kama naweza kukueleza furaha ya kunusa sanduku ukiwa na njaa na ukaamini kabisa kwamba siku moja litafunguliwa. Nadhani ndiyo iliyotukuza.

Basi alfajiri moja, baba ametoka kuswali, nikahisi kitu kikinitekenya mguuni. Nikafumbua jicho moja. Baba alikuwa amechuchumaa, amenishika kisigino, ananipima unyayo kwa uzi. Akafunga fundo. Akaenda kwa Rehani, akapima, akafunga fundo. Kisha akaondoka kimya na uzi wake mkononi kama mtu aliyebeba yai. Rehani akaninong'oneza, "Anatupima sanda." Tukajifunika gubigubi tukitetemeka, na siku nyingi baada ya hapo tulikuwa watoto watiifu wa ajabu. Mama akashangaa.

Sanda haikuja. Kilichokuja ni mguu wa Rehani. Unapajua Laini Saba, pale askari walipokuwa wakipiga shabaha. Bendera nyekundu ikiteremshwa, watoto tulikimbilia kile kilima cha udongo kuchimbua risasi, maana kulikuwa na fundi wa bati aliyezitaka. Rehani alikuwa hodari kuliko wote. Siku moja akakanyaga kipande cha bati chenye kutu, akaficha, kwa kuwa tulikatazwa kwenda kule. Alipoacha kuficha, mguu ulikuwa umevimba kama mhogo. Hospitalini walimkata vidole, na ndiyo asili ya kule kuchechemea kwake ambako wewe ulipokuwa mdogo ulikuwa unakuiga, ukapigwa.

Alipokua alikwenda kujiandikisha askari, maana mtoto wa askari alikuwa anakwenda wapi kwingine? Baba alimsindikiza amevaa nishani zake zote. Mzungu aliutazama ule mguu, akamwonyesha mlango. Walirudi wamefuatana. Rehani akaingia ndani. Baba akakaa juu ya sanduku, akakaa pale mpaka chakula kikapoa. Nilidhani analia kwa sababu ya jeshi. Nilikuja kujua baadaye alikuwa amekalia nini.

Nikurudishe nyuma kidogo. Kabla ya hayo, nikiwa wa umri wa kubebeshwa mzigo mdogo, mama alikuwa akinichukua kwenda Kawangware kubadilisha tabaga kwa viazi. Tulikuwa na rafiki huko, mama mmoja Mkikuyu, mtu wa kanisa, tulimwita Mama Njeri. Siku moja tulimkuta anapanda mche, ameuzungushia miiba ili mbuzi wasiule. Jina la mti alinitajia kwa lugha yake, nimelisahau. Nikamuuliza utazaa lini. Akacheka.

"Hii haizai. Hii ni ya mbao. Mjukuu wangu atajengea nyumba."

Nikatazama huku na huku nimwone huyo mjukuu. Njeri mwenyewe, aliyetarajiwa kumzaa huyo mjukuu, alikuwa bado mgongoni, ananyonya kidole. Zena, nilisimama pale na viazi kichwani nikasahau uzito wake. Sikuwa nimewahi kuona mtu anamwandalia kitu mtu asiyekuwepo, papo hapo alipo, bila kufunga mzigo. Niliona kama nimeona muujiza, na mwenye muujiza anafuta matope mikononi kwa majani.

Kisha akaniuliza, "Na wewe, kwenu ni wapi?"

"Sudani," nikamjibu, kwa kiburi, kama nilivyofundishwa.

"Ng'ombe ya huko iko na rangi gani?"

Hakuwa na ubaya. Ni swali la mtu anayependa ng'ombe. Lakini sikuwa na jibu, na mama yangu alikuwa ameinama ghafla kufunga viazi vilivyokwisha kufungwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na joto la aibu masikioni. Nilipofika nikamwendea baba moja kwa moja, nikamuuliza ng'ombe wa kwetu wana rangi gani.

Baba akasema, "Nilichukuliwa mdogo. Nakumbuka mti mmoja mkubwa. Na mbwa."

"Mbwa wa rangi gani?"

"Mwekundu," akasema, na macho yake yakang'aa kama ya mtoto.

Ndiyo yote. Hayo ndiyo yaliyokuwa yote aliyonayo, na nyumba nzima ilikuwa imefunga mizigo kwa ajili ya mti na mbwa. Nikiwaza leo, moyo unanijaa. Huyu mtu alitolewa kwao kabla hajaujua mji wake, akavalishwa nguo za watu, akapigana vita vya watu, akaletwa nchi ya watu, na bado akamweka yule mbwa hai kifuani miaka yote hiyo. Simcheki. Lakini Zena, mbwa yule alikula mlimau wetu, alikula paa letu, na kidogo ale na sisi.

Baba alipofariki tulikaa matanga, na baada ya arobaini Rehani akavunja kufuli. Mimi nilikuwa nimeshaolewa, yeye ana ndevu. Tulikaa mbele ya sanduku kama zamani, na nakuapia mdomo wangu ulijaa mate ya tende. Ndani mlikuwa na mtama wa mbegu, fukusi wameutafuna umebaki unga. Kanzu nyeupe. Na chini kabisa, viatu. Jozi mbili za ngozi nyeusi, moja ya mvulana na moja ya msichana, soli hazijawahi kugusa ardhi. Ndani ya kila jozi, kipande cha uzi chenye fundo.

Mama akasema, bila kututazama, "Hakutaka muingie kwao miguu mitupu. Alisema watu wangedhani alikuwa ametupwa."

Rehani akachukua kiatu chake. Akakivaa mkononi, kwa kuwa hakikuweza kumwingia kwingine, akakitembeza juu ya mkeka, tako, tako, tako, akakifikisha mpaka kwenye ule mguu wake wenye vidole vichache, akavigonganisha, kama watu wanaosalimiana. Akacheka. Tukacheka sote watatu, kisha Rehani akawa halii wala hacheki, anatoa tu machozi. Viatu vyake vilikuwa hapa mlangoni siku alipokwenda Laini Saba. Alivipita ili atoke.

Sikujua kabla ya siku ile kwamba mtu anaweza kupenda kiasi hicho na kukosea kiasi hicho kwa tendo lile lile. Nilitaka kumkasirikia baba, nikashindwa. Nilitaka kumlilia, nikawa namkasirikia. Mama aliwapa viatu watoto wa yule jirani mwenye mlimau, na wiki ile ile walivichakaza kwa kuchezea mpira wa matambara. Nilikuwa nawatazama wakivirarua, na kila kilipotokeza kidole nafsi yangu ilikuwa inatulia. Na Rehani, nadhani umeshaelewa, ndipo alipokwenda kujifunza ushonaji wa viatu.

Nikaapa kwamba mimi sitafanya kama baba. Kuapa ni rahisi, mwanangu, ni pumzi tu.

Baba yako alipochukuliwa kwenda Burma kupigana na Wajapani, wewe ulikuwa unang'oka meno. Akaniambia, "Zena nitampeleka shule mwenyewe nikirudi. Nitamshika mkono nikiwa nimevaa nishani." Nililipenda neno hilo. Nililitunza. Watoto wa rika lako wakaenda shule, wewe ukawa unawachungulia kwenye nafasi ya ua, na mimi nikisema subiri baba yako. Vita vikaisha, wenzake wakarudi wamekonda, yeye hakurudi. Wakaniambia maneno ya kumaliza, na mimi nikakataa kuyamaliza, kwa sababu sikuonyeshwa kaburi. Nikakwambia subiri. Sikuwa na kufuli wala funguo, lakini sanduku nilikuwa nimeshalifunga, na mle ndani ulikuwemo wewe.

Rehani ndiye aliyelivunja. Alikuja asubuhi moja, hakunisalimu, akakushika mkono akaondoka nawe akichechemea. Nikamfuata na mwiko, nikapiga kelele ambazo nina hakika zilisikika mpaka ng'ambo ya mto. Akageuka mara moja tu.

"Hawa dada yangu," akaniambia, "kiatu kingine hicho."

Nikarudi nyumbani na mwiko wangu.

Uliingia darasani mrefu kuliko wote, ukaketishwa na vitoto ambavyo pua zao zilikuwa hazijajua kufutwa. Magoti hayakuenea chini ya dawati. Nilingoja jioni urudi unalia, nilikuwa nimeandaa hata maneno ya kukubembeleza. Ulirudi unaimba. Ukachukua kaa, ukageuza ungo wangu, ukaandika mgongoni mwake, ukasema, "Mama, huyu ni wewe." Nikaliona jina langu kwa mara ya kwanza. Nilidhani lingekuwa refu zaidi.

Tangu hapo ungo ule haujapepeta vizuri kwa makaa yaliyousugua, na mimi nimejifunza herufi zote, hata zile ambazo jina langu halizihitaji. Mwanamke mzima, nafundishwa na mtoto niliyemfungia ndani, na mtoto hanidai hata neno la samahani. Mara nyingi nimekutazama umeinamia ungo ule nikajiuliza, huyu alitoka kwangu kweli, au alipita tu?

Halafu ile siku ya mvua. Mke wa muuza makaa ameshikwa na uchungu mchana, mto umefurika, mkunga yuko ng'ambo anatupungia mkono tu. Wanawake tulikuwa tumejaa mle ndani, kila mmoja anamwambia mwenzake atulie. Wewe ulikuja kuleta maji ya moto. Ukaweka maji chini, ukaosha mikono, ukapiga magoti, ukasema kwa sauti ya chini, "Mama zangu, tokeni, wabaki wawili." Na tukatoka! Mimi nilikuwa kati ya wawili waliobaki, nami nilibaki kwa sababu miguu ilikataa kutoka. Mtoto akaja amenyamaza, wa buluu. Nikajua kwisha. Ukamfyonza puani kwa mdomo wako, ukatema, ukamfyonza tena, ukamsugua mgongo huku unazungumza naye kama mtu mnayejuana. Akalia. Mvua ilikuwa inapiga paa lakini nilimsikia. Nikakutazama, mikono yako imejaa damu, uso wako umetulia, na nakuambia ukweli wa Mungu, nilikuogopa. Niliogopa kukuita mwanangu mbele za watu, nikaona kama najisifia kitu kisicho changu.

Ndiyo sababu nasema huwezi kungoja mwakani. Umeniambia wanasema Kibra itavunjwa, wakija nitabaki na nani. Zena, habari ya kuvunjwa Kibra niliisikia nikiwa mgongoni. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi jembe tumeshika mpaka mpini umelika, na bado tunaitwa wageni. Labda watakuja kuvunja, labda hawatakuja. Wakija, watavunja ukiwepo na usipokuwepo. Wewe si nguzo ya nyumba hii. Na nikiugua, nina Rehani, nina shangazi yako, nina majirani ambao nimewatukana wote na bado wanaleta chumvi. Baba yangu alisema subira huvuta heri, nami sikatai, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo, na matumbo yaliyoumia yalikuwa ya watoto.

Unalolihofia hasa si hilo, nakujua. Unahofia kuwa mgeni. Sasa hapa siwezi kukudanganya. Huko utakuwa mgeni, tena maskini, na vitu hivyo viwili vikikaa mtu mmoja havimpi usingizi. Watakuwepo wasichana wenye mashuka mawili. Watakuuliza kwenu wapi. Usifanye kama nilivyofanya Kawangware, usiseme Sudani. Sema Kibra. Na wakikuuliza ng'ombe wa Kibra wana rangi gani, jibu unalo: wetu ni mweusi, ana baka jeupe shingoni, pembe moja imepinda, na ni mkorofi, anamwaga maziwa kwa makusudi. Hilo ndilo jambo ambalo babu yako hakuwa nalo, na mimi sikuwa nalo, na wewe unalo. Sijui tulikupatiaje. Nafikiri ulilikusanya mwenyewe wakati sisi tunatazama mlango.

Nimenyanyuka kidogo, maziwa yalikuwa yanafurika. Sasa nimerudi, na lazima nikwambie nilichokifanya kabla hujafika, maana utakiona mlangoni.

Nilipomaliza na mbuzi asubuhi, nilifungua sanduku nikatoa viatu vyako. Nilitaka kuviweka tu juu ya mkeka uvione. Nikakaa navyo. Rehani ana mkono, lazima asifiwe, uzi wake hauna mshono uliokosea. Na mguu wako ni mguu wangu, unajua hivyo, kandambili zangu ulikuwa unaziiba.

Nikavivaa.

Mimi niliyewahi kupimwa kwa uzi alfajiri nikadhani ni sanda, nikavaa viatu vya ngozi kwa mara ya kwanza leo, na wajukuu nawatarajia. Nikatoka. Nikashuka nao mpaka mtoni, nikipita katikati ya tope, si pembeni. Watu walinisalimu wakitazama chini. Mke wa muuza makaa akaniuliza, "Mama Zena, unakwenda wapi na viatu?" Nikamwambia, "Siendi popote. Natembea." Nilisikia ardhi ya Kibra kwa mbali, kama mtu anayegonga mlango wa jirani. Nilikwenda, nikarudi, nikaenda tena. Nililia, na nilikuwa na furaha, na kama kuna mtu aliyeniona akaniona nimerukwa na akili, mwache aone.

Kwa hiyo viatu si vipya tena. Cha kulia kimekunjika kwenye vidole, kwa kuwa mguu wangu ni mpana kidogo, na tope limeingia kwenye mishono. Nimekataa kuvisafisha. Kitu kama hicho hakiwezi kuzungushiwa gazeti na kuwekewa mwakani.

Sanduku nimelijaza nguo zako na tabaga yangu nyingine, ile ya rangi nyekundu. Rehani atakuja asubuhi na baiskeli, tulifunge nyuma. Lilikuwa limengoja safari tangu kabla sijazaliwa, litakwenda, ingawa si kule lilikokusudiwa. Pale lilipokuwa limesimama sakafu ina alama, udongo wake ni wa rangi nyingine, haujawahi kupakwa. Wewe ukishaondoka nitapaka. Na nyuma ya nyumba nimechimba shimo. Kesho kutwa nakwenda kwa jirani kudai mche wa mlimau wetu.

Watu wetu wana tabia ya kubeba viatu mkononi mpaka stesheni, halafu wanaosha miguu na kuvaa hapo, ili visichakae njiani. Usifanye hivyo. Viatu viko mlangoni, vimeelekea nje. Vaa hapa hapa, mbele yangu, nikuone unatoka navyo.

Mama yako,
Hawa